Bomba Lapita Somanga: Umeme ni Mali ya Nani?

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi au Mtwara hufika Somanga akiwa na njaa. Basi husimama, na kabla mlango haujafunguka sawasawa, madirisha yamekwisha kuzungukwa na akina mama na vijana wenye masinia vichwani: samaki wa kukaanga, pweza, kamba, na mihogo ya kusindikiza. Abiria hununua, hula, na basi huondoka. Ni wachache miongoni mwao wajuao kwamba karibu na hapo, chini ya mchanga, kuna utajiri upitao bila kelele na bila harufu ya mafuta ya kukaangia.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya Agip ya Italia. Ilikaa chini ya bahari miaka thelathini. Mwaka 2004 ndipo ilipoanza kusafiri: kilomita 25 ndani ya maji kutoka kisiwani hadi Somanga Fungu, kisha kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo. Mwaka 2015 likaja bomba la pili, kubwa zaidi, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, na hapo hapo Somanga Fungu likaunganishwa na tawi litokalo Songo Songo. Hivyo kijiji cha wavuvi, ambacho ramani nyingi hazikuona haja ya kukiandika, kimekuwa fundo la mishipa ya nishati ya taifa.

Hatuandiki makala hii ili kulalamika kwamba gesi yapita na kuwaacha wenyeji. Malalamiko hayo yamekwisha kusemwa mno, na mengine yalisemwa kwa ghadhabu ambayo haikumnufaisha mtu. Gesi ni mali ya taifa zima, na viwanda vya Dar es Salaam vikifanya kazi, mtoto wa Kilwa naye hupata humo ajira. Tena si kweli kwamba Serikali imekisahau kipande hiki cha pwani. TANESCO ilijenga hapa Somanga mtambo wa gesi wa megawati 7.5, uliopeleka umeme Kilwa na Rufiji wakati gridi ya taifa ilikuwa mbali nao. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilizaa Wakala wa Nishati Vijijini, ambao wengi tunauita REA, nao ulianza kazi mwaka 2007. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimekwisha kufikiwa, na kazi iliyobaki ni ya vitongoji. Mwananchi wa kijijini huunganishiwa kwa shilingi 27,000, na mtumiaji mdogo, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti moja kabla ya kodi na makato. Asiyeshukuru kwa hayo hana macho.

Lakini waya ukishafika, kijiji kina sauti gani juu yake?

Swali hili twaliuliza kwa sababu tumeona mambo mawili yakitendeka mahali pengi pwani. La kwanza ni kwamba kufika kwa umeme kijijini si kufika kwa umeme nyumbani. Nguzo husimama barabarani, shuleni na kwenye zahanati, na kitongoji kilicho ng'ambo ya mikoko hubaki na kibatari. La pili ni kwamba umeme unapoharibika, mwanakijiji hana la kufanya ila kupiga simu na kungoja. Hewa ya chumvi hula vyuma na kuchafua vikombe vya nguzo. Mvua za masika hulainisha udongo na nguzo zikainama. Mkorosho ulioachwa bila kukatwa hugusa waya upepo wa kusi uvumapo. Mambo haya yote kijana wa kijiji aliyefundishwa miezi michache angeweza kuyaona mapema na kuyatolea taarifa. Ila hakuna aliyemwambia kwamba ni kazi yake, kwa kuwa waya si wake.

Mwezi Mei 2024 tulipata fundisho. Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, na mvua zilizoambatana nacho zikavunja barabara kuu katika eneo hili la Somanga, hata mikoa ya kusini ikakatika na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Malori yalipanga foleni pande zote mbili. Siku za namna hiyo, kijiji chenye fundi wake, stoo yake ya nyaya na daftari lake la wateja hurudi katika hali ya kawaida upesi kuliko kijiji kingojacho gari litoke mjini, kwani gari lenyewe halina pa kupita.

Hapa ndipo tunapotaka kuzungumzia jambo ambalo katika nchi yetu limewahi kujaribiwa na wengi wamelisahau: ushirika wa umeme. Twatumaini ndugu zetu wa visiwani, Songo Songo na kwingineko, watalisoma kwa makini, pamoja na watumishi wa Serikali ambao meza zao ndizo zipitiwazo na majalada ya mambo haya.

Twende Urambo, magharibi mwa Tabora. Mji ule una undugu na mkoa wetu wa Lindi ambao si wa kujivunia: baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walipobuni mpango wao mkubwa wa karanga, walichagua sehemu tatu, yaani Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango ulianguka mwanzoni mwa miaka ya 1950, baada ya kumeza fedha nyingi mno na kutoa karanga chache mno. Uliamuliwa London, na mkulima hakuulizwa udongo wake ukoje. Miaka arobaini baadaye, katika Urambo ile ile, lilianzishwa jambo kwa njia iliyo kinyume kabisa. Mwaka 1993 wakazi waliunda chama cha ushirika cha watumiaji wa umeme, kilichojulikana kwa kifupi kama UECCO, kwa msaada wa Sweden na kwa ushirikiano wa TANESCO yenyewe.

Mashine zilikuwa za dizeli. Umeme uliwashwa kwa saa chache za jioni, si mchana kutwa. Mwaka 1994 wateja walikuwa 67. Mwaka 2002 walikuwa wamekaribia 250. Na jambo la kustaajabisha ni hili: katika muda huo wote bei ya ushirika ilikuwa juu sana kuliko bei ya TANESCO katika miji mingine yenye hali kama ile. Mtu wa Urambo alilipa zaidi, akapata saa chache zaidi, na bado majirani zake wakazidi kujiunga.

Kwa nini? Wataalamu waliokwenda kuchunguza walikuta jibu rahisi. Watu walitaka umeme uwakao kweli, na huduma ambayo ukiiita inakuja. Dizeli ilipopanda bei, mwanachama alijua, kwa kuwa bodi aliichagua mwenyewe na hesabu zilisomwa mbele yake. Asiyelipa alikatiwa na jirani yake, si na mtu mgeni aliyekuja na ngazi. Kukatiwa na jirani kunauma, lakini kunaeleweka.

Hatutaki kuipamba Urambo kupita kiasi. Ushirika ule ulianza kwa msaada wa nje, na bila msaada huo mashine zisingepatikana. Saa chache za jioni haziendeshi kiwanda. Na mara waya wa taifa ufikapo mahali, ukiwa na bei ndogo na umeme wa saa zote, hakuna mashine ya dizeli inayoweza kushindana nao, wala hakuna sababu ya kushindana. Lakini kinachobaki ni mafunzo ya hesabu, ya mikutano, na ya mwananchi kujua kwamba taa ina gharama na gharama ina mwenyewe.

Huko Ludewa, katika milima ya Njombe, vijiji vya Lupande, Mawengi na Madunda viliungana wakatoa jina la LUMAMA kutokana na herufi za mwanzo za majina yao. Wana mtambo wa maji wa kilowati 300 uliojengwa kwa msaada wa Waitaliano, na chama cha watumiaji ndicho kilichopewa kuusimamia. Maji ya mto hayanunuliwi kwa debe kama dizeli, kwa hiyo mzigo wao ni mwepesi kuliko ule wa Urambo. Sisi wa pwani hatuna maporomoko. Tuna gesi na jua na upepo, na hivyo vyote vyataka fedha za kuanzia.

Wengine watasema haya ni mambo ya nchi maskini. La. Marekani, mwaka 1935, Rais Roosevelt alipounda wakala wa umeme vijijini, ni mkulima mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa na umeme. Makampuni yalikataa kupeleka waya mashambani kwa kuwa faida haikuonekana. Wakulima wakaunda vyama vyao, kiingilio mara nyingi dola 5, wakakopa serikalini kwa riba nafuu, wakachimba mashimo ya nguzo. Vyama hivyo mpaka leo viko mamia kwa mamia, katika nchi ambayo wengi hudhani haijui neno ushirika. Bangladesh nayo ilichukua njia hiyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970.

Sasa ndugu zetu wa visiwani, tuwape mfano wa kisiwa. Ukara iko Ziwa Victoria, katika Wilaya ya Ukerewe. Mwaka 2016 kampuni binafsi iliweka huko umeme wa jua, na watu waliokuwa hawajui swichi wakaanza kusaga nafaka na kugandisha barafu. Bei ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ya TANESCO. Wanavisiwa walilalamika, na haki walikuwa nayo, maana raia mmoja hawezi kulipa mia na mwenzake akalipa maelfu kwa sababu tu amezaliwa ng'ambo ya maji. Mwaka 2020 Serikali iliagiza wenye mitambo midogo watoze shilingi 100. Wananchi walifurahi, wenye mitambo wakasema hesabu zao hazifungi.

Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na ukweli, na ndiyo maana jambo hili lataka kuangaliwa kwa utulivu. Kampuni ikipandisha bei, mwananchi huhisi ameibiwa. Serikali ikishusha bei kwa amri, mwenye mtambo hupunguza mafundi. Ushirika haufuti ugomvi huu, maana gharama haipungui kwa kubadilishiwa jina. Ila unauhamisha ugomvi kutoka ofisini na kuuweka katika mkutano mkuu, ambapo mwenye kulipa na mwenye kupanga bei ni mtu yule yule. Na kama Serikali yataka kusaidia, ambalo ni jukumu lake, ruzuku yake itaingia katika daftari ambalo wanachama wanalisoma.

Tunajua neno ushirika halisikiki vizuri masikioni mwa kila mtu. Wazee wanakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa na kazi zake kupewa mashirika ya umma na vijiji, kisha vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 vikiwa vimepoteza mali na uzoefu. Wakulima wa korosho na ufuta wana hadithi zao za malipo yaliyochelewa. Hata hivyo tangu stakabadhi ghalani ilipoingia katika korosho mwaka 2007, mkulima wa kusini amezoea kusikia bei ya mnada siku hiyo hiyo, na kuuliza makato ya chama chake moja moja. Amejifunza kuuliza. Mtu aliyejifunza kuuliza kuhusu gunia anaweza kuuliza kuhusu uniti.

Na sasa hatuna budi kusema jambo letu wenyewe, maana si haki kuwafundisha wengine uaminifu huku tumeficha wetu.

Tulisoma chuoni kwa koroboi. Ulikuwa wakati ambao moshi wake uliingia puani hata asubuhi ukapenga weusi, na mwalimu alihesabu kurasa za juzuu kwa kuangalia ni nani kasinzia. Tulipokua na kupewa uongozi wa tawi katika kijiji kimoja cha pwani hii, tuliona ni deni kuwapatia watoto mwanga ulio bora. Wanakijiji walichanga. Wavuvi walitoa sehemu ya mauzo ya dagaa katika siku za giza, akina mama walitoa fedha za vitumbua. Jenereta likanunuliwa, nyaya zikavutwa nyumba kwa nyumba, na usiku wa kwanza watu hawakulala.

Lilidumu chini ya mwaka mmoja. Hakulivunja mtu, wala fundi hakuliiba. Dizeli ndiyo iliyokuwa ikikosekana. Na ilikosekana kwa sababu nyumba kadhaa zilikuwa hazilipi, na nyumba hizo zilikuwa za viongozi, na mojawapo ilikuwa yetu. Hatukukataa kulipa, tulisema tutalipa, tukasema tena. Mweka hazina, mtu mpole, aliona haya kutukatia. Yule mama wa vitumbua alilipa kila Ijumaa bila kukosa, akakatiwa umeme pamoja nasi siku mashine iliponyamaza. Tulilipa deni letu baadaye, lakini kwa wakati huo jenereta lilikuwa limekwisha kuuzwa kama chuma chakavu, na fedha zetu zikanunuliwa madawati.

Kwa hiyo tunapoulizwa ushirika wa umeme unaanguka wapi, hatuhitaji kusoma kitabu. Unaanguka mlangoni mwa kiongozi.

Je, Somanga na Songo Songo ungefanya nini? Si kuchukua nafasi ya TANESCO. Nani mwenye akili angetaka kubeba transfoma ya taifa mabegani? Sisi tunafikiria chama kidogo cha watumiaji chenye kazi tatu nne za wazi. Kiwe na vijana wawili au watatu waliofunzwa, wanaotembelea laini kila wiki, wanaojua kila nguzo na kila mkorosho. Kiwe na mkataba na shirika unaosema wazi kijana huyo aguse nini na asiguse nini, maana umeme hausamehe. Kiwafikie walio katika vitongoji na visiwa vidogo ambako nguzo itachelewa, kwa mitambo ya jua inayomilikiwa na wanachama. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ilikwisha kuifungulia njia mitambo midogo iliyo chini ya megawati 1 kwa kuiondolea mzigo wa leseni.

Na kiwe na barafu. Hapa tukae kidogo, kwa kuwa barafu ndiyo siri ya umeme wa pwani. Pweza wa bamvua hupatikana wengi kwa siku chache, wote kwa pamoja. Mnunuzi wa mjini anajua hivyo. Anajua pia kwamba mvuvi asiye na barafu lazima auze kabla jua halijapanda, kwa bei yoyote itakayotajwa. Taa ya sebuleni ni heri, na mtoto asome. Lakini taa hailipi bili yake yenyewe. Mtambo wa barafu wa wanachama, wenye mita yake na kitabu chake, unaweza kulipa bili yake na ya taa pia, na ukamruhusu mvuvi kungoja hadi kesho. Wale akina mama wa masinia pale barabarani, ambao biashara yao hutegemea basi limechelewa au halikuchelewa, wangeweza kuhifadhi walichobakiza badala ya kukigawa jioni kwa hasara.

Fedha zitoke wapi? Halmashauri ya wilaya hupokea ushuru wa huduma kutoka kwa makampuni, sehemu ndogo ya mapato yao, na gesi imo. Tunawaomba madiwani wafikirie kama sehemu fulani ya ushuru huo isingefaa kuwa mtaji wa kuanzia, si zawadi, bali mkopo unaorudishwa ili uende kijiji cha pili. Mrajisi wa Vyama vya Ushirika na watu wake wa mkoa wana kazi ya kuandikisha na kukagua. Wasingoje kuitwa baada ya fedha kupotea. Na ndugu zetu wa TANESCO wasione kwamba wananyang'anywa. Urambo ilizaliwa mikononi mwao.

Upande wa wananchi twaomba jambo moja la mwanzo. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu kwa mujibu wa sheria. Katika ajenda ya mkutano ujao, kabla ya mengineyo, iwekwe hoja ya umeme: nani analipa, nani halipi, kitongoji gani hakijafikiwa, na nani angeaminiwa kushika daftari. Majina ya wasiolipa yasomwe kwa sauti, yakianza na ya viongozi. Sisi tuko tayari kuja, na kama letu limo, lisomwe la kwanza.